Kutoka Pasua hadi maji ya chumvi: shajara ya kayaki yetu

Jumamosi, 8 Juni 2024

Leo tumeanza. Tarehe nimeiandika kwa penseli kwenye ukuta wa kibanda cha Shemeji hapa Pasua, Moshi, na hapa naiandika tena, ili siku tukichoka tujue tumetoka wapi.

Mradi ni huu: kuunda kayaki (mtumbwi mwembamba wa kupiga kafi) ya watu wawili kwa plaiwudi, nyumba nzima ijifunze kuiendesha, na kabla ya Krismasi tuishushe baharini tukavue kwa mshipi. Moshi iko karibu mita 900 juu ya usawa wa bahari, na toka hapa hadi pwani ya Tanga ni zaidi ya kilomita 300. Majirani wawili wameshaniuliza kwa nini nisiende kununua samaki sokoni. Sokoni tutaendelea kwenda. Ninachotaka ni kingine.

Baba yangu alifanya kazi reli, Tanga, miaka ya sabini. Njia ile ya treni ilifika Moshi mwaka 1911, na kwa sisi watoto wa Upareni ilikuwa ndiyo kamba iliyotufunga na bahari. Baba akija likizo alishuka na kikapu cha ng'onda, na harufu ikakaa kwenye koti lake la kazi wiki nzima. Jioni baada ya zamu alikuwa akivua. Mshipi wake upo mpaka leo: nailoni imezungushwa kwenye kigogo alichokichonga kwa kisu, katikati pamebonyea mahali pa vidole, na ndoana imechomekwa kwenye kizibo cha chupa isije ikamchoma mtu. Ulilala sandukuni miaka yote. Mwezi uliopita aliutoa akampa binti yangu wa miaka 13, akamwambia, "Huu haujui ziwa, mjukuu wangu. Huu ni wa baharini."

Binti akaja kwangu jioni ileile na mshipi mkononi. Mashua yenye injini hatuna uwezo nayo, na ngalawa haibebeki juu ya gari letu la Noah. Kayaki inabebeka.

Jumamosi, 22 Juni

Duka la kwanza walituapia kwamba plaiwudi yao haiogopi maji. Shemeji ni fundi seremala, na kwa mambo ya mbao haamini mdomo, anaamini sufuria. Alichukua vipande viwili vya upana wa kiganja, kimoja cha duka lile na kimoja cha duka la pili, akaviandika A na B, tukavitosa kwenye sufuria la zamani juu ya jiko la mkaa. Tukachemsha saa nzima. Dakika ya ishirini A kikaanza kuachia pembeni. Tulipokiopoa kilikuwa kimefunguka tabaka kwa tabaka kama daftari lililonyeshewa. B kilivimba kidogo, basi. Tukakianika, tukakichemsha tena, kikabaki kizima.

Tumenunua plaiwudi nne za B, unene milimita 6. Yeyote anayesoma hapa akitaka kuunda chombo chochote cha majini, aanze na sufuria. Mkaa wa saa moja utamwokolea kazi ya miezi mitano.

Plaiwudi moja ina futi 8, yaani mita 2.44. Kayaki yetu itakuwa na mita 4.8, kwa hiyo lazima ziungwe mbilimbili. Muungo ni wa mteremko, moja kwa nane: unene milimita 6, mteremko milimita 48. Shemeji alizipanga zote kama ngazi ukingoni mwa meza akazipiga randa kwa pamoja. Hapo nilijifunza kitu kizuri. Randa ikila, tabaka za plaiwudi zinajitokeza kama mistari, mweupe, mwekundu, mweupe. Mistari ikinyooka, mteremko uko sawa. Ikipinda, umekandamiza upande mmoja. Huhitaji kipimo kingine. Wanafunzi wangu wa hesabu nitawaletea kipande wakione.

Jumamosi, 6 Julai

Siku ya epoksi, ile gundi ya kuungia mbao, na siku ya kosa langu la kwanza.

Epoksi yetu inachanganywa sehemu mbili kwa moja ya kigumishi. Hiyo peke yake imegharimu kuliko mbao zote, ndiyo maana nilikuwa nahesabu kila tone. Julai ya Moshi ni baridi, mlima umejifunika wiki nzima, na epoksi kwenye baridi inachelewa kukauka. Nikaona busara nichanganye nyingi kwa mkupuo kwenye kikombe kirefu cha plastiki, halafu nikisogeze karibu na jiko kipate joto.

Epoksi ikianza kukaza inatoa joto lake yenyewe. Ukiitandaza, joto linapotea hewani. Ikiwa imejazana kwenye kikombe kirefu, halina pa kutokea, na kadiri inavyopata joto ndivyo inavyozidi kukaza, na kadiri inavyokaza ndivyo inavyozidi joto. Dakika ya saba kikombe kililainika mkononi mwangu. Ya nane kikafuka moshi mweupe, mkali wa puani. Shemeji akakikwapua kwa koleo akakiweka nje kwenye kokoto, na pale kikageuka jiwe la rangi ya asali lenye nyufa.

"Shemeji, kidogo kidogo," akaniambia. Hakuongeza neno.

Sasa tunachanganya kiasi cha kikombe cha kahawa na kukimimina papo hapo kwenye sinia bapa. Jiko limehamishiwa upande wa pili wa kibanda, na kazi imesogezwa saa sita mchana hadi saa tisa, jua likiwa limechungulia. Miungo yote imeshika. Lile jiwe binti ameliweka dirishani.

Jumamosi, 27 Julai

Tumetoboa matundu kila sentimita kumi kwenye kingo na kushona mbao kwa waya wa shaba, kama mtu anavyoshona kiatu. Asubuhi zilikuwa mbao bapa sakafuni. Saa kumi jioni ilikuwa chombo, kina omo na tezi. Mwanangu wa miaka kumi aliingia akakaa, akapiga kafi hewani. Hakutoka mpaka alipoitwa kula.

Jumamosi, 31 Agosti

Wiki tano nazisema kwa ufupi kwa sababu zilikuwa msasa na vumbi. Viungo vya ndani tumevijaza epoksi iliyochanganywa na unga wa mbao uliochekechwa kwa chekecheke la jikoni (nimenunua jingine la unga wa ugali), tukavilainisha kwa mgongo wa kijiko. Nyaya tumezivuta. Nje tumevalisha kitambaa cha faiba. Mbele na nyuma kuna vyumba viwili vilivyozibwa, kila kimoja na mfuniko wake, ili ikipinduka isizame. Sehemu ya kukaa iko wazi.

Makafi tumechonga kwa mbao ya mgrivea. Mizani ya muuza maharage inasema kayaki ina kilo 41. Watu wawili wanaibeba bila kupumzika kutoka kibandani hadi barabarani.

Jumamosi, 14 Septemba

Nyumba ya Mungu, upande wa Lang'ata. Bwawa hili lilijengwa miaka ya sitini, na maji yake ni yetu: Kikuletwa inaleta ya Meru na ya Kilimanjaro magharibi, Ruvu inaleta ya upande wa mashariki, yanakutana hapa, kisha yanatoka kama Mto Pangani na kwenda hadi baharini. Nilimweleza mwanangu kwamba yale maji anayoogea nyumbani yanapita njia hii. Akauliza yatachukua siku ngapi kufika. Nimemwahidi tutayakuta mbele ya safari.

Bwawani kuna mamba, kwa hiyo leo hatukucheza. Tulikodi mtumbwi wa mvuvi wa perege atangulie, nasi tukamfuata karibu na ukingo, jaketi okozi kifuani kila mtu, hata mume wangu aliyebaki nchi kavu na kamera. Kayaki inakwenda. Inanyooka vizuri zaidi kuliko nilivyotarajia, ila mpiga kafi wa mbele akilala upande mmoja inapinda kulia. Saa tano upepo ukaamka toka upande wa Umasaini, maji yakawa na meno, tukarudi.

Jioni binti alikaa nami na karatasi. Kayaki kilo 41, watu wawili 140, mizigo 20: jumla kilo 201. Kwenye maji baridi lazima isukume lita 201. Maji ya bahari ni mazito zaidi, lita moja ina takriban kilo 1.025, kwa hiyo kule itasukuma lita 196 tu. Ukigawa lita tano kwa eneo la kayaki linalogusa maji unapata milimita mbili. Baharini tutaelea juu zaidi kwa milimita mbili. Nimeibandika karatasi ile ukutani, chini ya tarehe ya kwanza.

Jumamosi, 12 Oktoba

Sasa nafika kwenye jambo ambalo naliona kubwa kuliko kayaki yenyewe.

Shemeji, aliyeunda chombo hiki kwa mikono yake, hajui kuogelea. Mume wangu anajua kidogo, kwa kupiga piga maji. Mimi nilijifunzia mtoni utotoni. Wengi wetu huku juu tumekulia mifereji inayoishia magotini. Niliwaambia wote mezani, nikimaanisha kila neno: hakuna mtu wa nyumba hii atakayeingia baharini kabla hajapinduka mara kumi kwenye bwawa la kuogelea na kupanda tena mara kumi. Baba akagonga meza mara moja na kidole. Kwake hiyo ni saini.

Rafiki yangu wa Tengeru amejiunga nasi. Ni mwalimu mwenzangu, ana kayaki ya plastiki ya mtu mmoja aliyoinunua imetumika, na kwa mwaka mzima amekuwa akipiga kafi Ziwa Duluti. Yeye ndiye aliyetufundisha. Bwawa tulikodi la hoteli moja ya mjini, saa mbili za asubuhi kabla wageni hawajaamka.

Tulipinduka. Mara ya kwanza mimi na Shemeji tulitumia dakika tisa kurudi ndani, na Shemeji alimeza maji ya kutosha. Kila tulipojivuta kwa mikono, kayaki ilitugeukia tena vichwani. Rafiki alitusimamisha ukingoni akatufundisha upya, polepole, kama mtu anayefundisha kujumlisha:

Kwanza jishike na kafi. Kisha geuzeni chombo kikae sawa, msihangaike kupanda kikiwa kimejifunika. Mmoja aende upande wa pili akining'inie kwa uzito wake wote. Mwingine anyooshe miguu nyuma juu juu ya maji, apige kama chura, ajivute tumbo lilale katikati ya chombo. Tumbo kwanza. Halafu makalio. Miguu mwisho. Aliyepanda akae chini kabisa atulize chombo, ndipo wa pili apande.

Siri iko kwenye ile miguu. Mtu akiogopa, miguu inazama na kuingia chini ya chombo, na hapo hata awe na nguvu za ng'ombe hapandi.

Jumamosi, 9 Novemba

Mara ya nne bwawani. Muda wetu bora: dakika 1 na sekunde 40. Binti na mimi ndio wenye huo muda. Mwanangu anapandishwa wa kwanza siku zote, tumekubaliana. Shemeji amepinduka mara kumi na nne. Leo alijitupa mwenyewe bila kuambiwa, akaibuka, akafuta uso, akahesabu kwa sauti: tumbo, makalio, miguu.

Kisha akakaa ukingoni muda mrefu akiangalia mikono yake. Nikampelekea chai.

Jumamosi, 23 Novemba

Mvua za vuli zimetufungia ndani, kwa hiyo leo ilikuwa darasa la Baba. Watoto wamekaa mkekani, mimi na daftari.

Bahari inajaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku inachelewa kama dakika hamsini. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ni bamvua: maji yanajaa sana na kupwa sana. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu: yanapanda kidogo, yanashuka kidogo, na mkondo unapoa. Na kanuni aliyoipata kwa wavuvi wa Tanga ni kwamba siku za bamvua maji hujaa saa kumi, alfajiri na jioni.

Hapo nilichukua chaki. Toka mwezi mpevu hadi mwezi nusu ni kama siku saba. Saba mara hamsini ni dakika 350, karibu saa sita. Basi siku za maji mafu yatajaa saa nne, asubuhi na usiku. Mwezi mpevu wa Desemba ni tarehe 15, nusu ni tarehe 22. Tarehe 22 basi tunaingia majini alfajiri yakiwa yanajaa, tunavua, na saa nne tunarudi maji yakiwa yamefika juu ufukweni, bila kuburuza kilo 41 kwenye tope na mwamba, na upepo wa kaskazi wa mchana ukiwa haujashika. Tungekwenda kwenye bamvua, saa nne ndiyo wakati maji yako mbali kabisa, tungepwelewa.

Baba aliangalia ubao, akasema, "Sisi hatukuandika. Lakini ndiyo hiyo."

Kisha tukaukagua mshipi wake. Akashika nailoni mikono miwili akaivuta taratibu. Ikakatika kama uzi wa kushonea. Akajaribu pengine, ikakatika tena. Miaka zaidi ya arobaini sandukuni, nailoni inakufa. Binti alikaribia kulia. Baba akakata yote, akaitia mfukoni, na leo jioni wamezungusha nailoni mpya mita 80 kwenye kigogo kilekile, chubwi mpya ya risasi, ndoana mpya. Amemwonya jambo moja mara tatu: usizungushe mshipi mkononi. Samaki mkubwa akivuta, uachie kigogo.

Ijumaa, 20 Desemba

Tumeondoka Moshi saa tisa usiku. Kayaki mbili juu ya keria ya Noah, ya plastiki juu ya ya mbao, kitambaa chekundu mkiani.

Desemba hii barabara yote inapanda Kilimanjaro. Kuanzia Same mpaka Korogwe tulipishana na magari ya Dar, mabasi yamejaa, mizigo na magodoro juu, watu wanakwenda kuhesabiwa, yaani kurudi nyumbani kwa sikukuu. Sisi peke yetu tukishuka. Mombo tulikunywa supu. Segera tukakata kwenda Muheza, tukanunua machungwa, tukaingia barabara ya vumbi hadi Pangani. Ofisi ya uvuvi tukalipia leseni, kisha tukapanga foleni ya kivuko.

Kivukoni mto ni mpana, wa rangi ya chai ya maziwa, na nguzo za daraja linalojengwa zimesimama. Mwanangu alishuka garini akaja kunishika mkono. "Mama, haya ndiyo ya kwetu?" Ndiyo haya. Akainama akachota kwa kiganja, akaonja. Yana chumvi tayari. Baba, aliyekuwa kimya toka Korogwe, alivua kofia mpaka tulipofika ng'ambo ya Bweni.

Ushongo tulijitambulisha kwa BMU, kikundi cha kijiji kinachosimamia uvuvi na ufukwe. Wametupa mzee wa kutuonyesha njia. Baba na yeye walisalimiana kirefu, wakaulizana majina ya watu wa Tanga ambao wengi wameshatangulia mbele za haki.

Jumamosi, 21 Desemba

Siku ya kujifunza tu. Mzee kwa ngalawa yake, sisi nyuma yake.

Alituonyesha jinsi ya kupata mahali baharini bila mashine. Unatafuta vitu viwili nchi kavu vinavyosimama kwenye mstari mmoja, kwake ni mnazi uliopinda na paa la bati jekundu nyuma yake. Kisha unatafuta mstari wa pili kwa upande mwingine. Mistari miwili inapokatana ndipo mwamba ulipo, pima tano kwenda chini. Mimi nafundisha mistari inayokatana tangu 2009 na sijawahi kuona ikitumika kwa uzuri kama ule.

Mbali kulionekana fungu la Maziwe, mchanga mtupu unaong'aa. Mzee anakumbuka likiwa na miti. Kule ni hifadhi, hakuvuliwi, na hatukusogea.

Kwa chambo cha ngisi tumepata changu sita na bunju mmoja. Bunju alijijaza maji akawa mpira, mwanangu akabaki mdomo wazi. Mzee alimtoa ndoana kwa uangalifu akamrudisha: huyu ana sumu, haliwi. Saa tatu kaskazi ikaanza mapema kuliko jana. Shemeji alikuwa wa kwanza kusema turudi. Tukarudi.

Jumapili, 22 Desemba

Naandika usiku, mikono bado inanuka samaki.

Saa kumi na mbili kasoro tulikuwa majini. Binti mbele, mimi nyuma. Rafiki wa Tengeru kwenye plastiki, hatua thelathini kutoka kwetu, kwa sababu tumeapa kayaki moja haiendi peke yake. Bahari imetulia kama mafuta kwenye sinia. Tukaupata mstari wa mnazi na bati, tukaupata wa pili, binti akateremsha chubwi.

Changu wawili wakaja mapema. Kisha hakuna kitu, nusu saa nzima. Nikamwambia auache mshipi uburuzike nyuma tukipiga kafi taratibu kuelekea nje ya mwamba. Hatukufika mbali. Kigogo kiliruka magotini mwake, kikagonga ubavu wa kayaki, akakidaka kwa mikono miwili. Nailoni ilikuwa inatoka kwa mlio, unaweza kuisikia ikikata maji. "Mama!" Nikamwambia aachie kidogo, avute kidogo. Samaki akapita chini yetu kwenda upande wa kulia. Mshipi ukajikunja chini ya chombo. Mimi, kwa haraka ya kumsaidia mwanangu, niliinamia kulia kuunasua, naye alikuwa ameinamia kulia.

Kabla sijafunga mdomo nilikuwa ndani ya maji.

Niliibuka natafuta kichwa chake. Kilikuwa tayari juu, jaketi limempandisha mpaka masikioni, nywele zimemfunika uso. Kafi analo. Akapiga kelele, si ya hofu, ni sauti ileile ya bwawani: "Mama, shika upande ule! Tugeuze kwanza!" Tukageuza. Nikaenda upande wa pili nikaning'inia. Nikaona miguu yake ikinyooka nyuma, juu juu ya maji. Tumbo. Makalio. Miguu. Akakaa chini, akanipa nafasi, nikapanda. Sikuangalia saa. Rafiki anasema hazikufika dakika mbili.

Sehemu ya kukaa ilikuwa imejaa maji na upo wetu wa kufulia maji, ule wa dumu lililokatwa, ulikuwa umekwenda, kwa sababu hatukuufunga. Tulifua maji kwa kofia ya Baba niliyokuwa nimeiazima. Vyumba viwili vilitubeba.

"Nilikiachia," binti akasema. "Babu alisema nikiachie."

Ndipo tulipomwona rafiki amesimamisha kafi, ananyoosha kidole. Kigogo cha Baba kilikuwa kinaelea. Kinakwenda chenyewe, kinasimama wima, kinazamishwa, kinachomoza tena mbele zaidi, nailoni yote mita 80 imeshatoka na samaki bado yuko upande wa pili. Rafiki alikifukuza. Alikikosa mara mbili. Mara ya tatu akakishika kwa kitako cha kafi, akakivutia kwake, na akamfanyia binti jambo ambalo sitalisahau: hakumvuta samaki. Alitusogelea, akamrudishia kigogo mkononi.

Kolekole. Kwenye mizani ya mzee kilo mbili na robo. Mgongo wa kijani unaokwenda kwenye fedha, na mkia wake ulikuwa bado unatetemeka ukiushika. Tulifika ufukweni saa nne na dakika chache, maji yamefika pale kwenye alama ya majani makavu, kama ubao ulivyosema. Baba alikuwa amesimama majini mpaka magotini na suruali yake nzuri. Alikichukua kigogo kwanza, akakikagua, ndipo akamtazama samaki, ndipo akamshika mjukuu wake kichwani.

Mke wa mzee ametupikia kolekole kwa nazi. Kichwa alipewa Baba.

Jumatatu, 23 Desemba

Tunarudi, kuna Krismasi. Alfajiri Shemeji aliomba zamu yake, na mume wangu nyuma yake. Changu wanne, hawakupinduka. Kabla ya kuifunga garini, Shemeji aliiosha kayaki kwa ndoo mbili za maji ya kisima, akapitisha kiganja ubavuni kote akitafuta mikwaruzo.

Jumamosi, 4 Januari 2025

Kazi kibandani. Mfuniko wa nyuma ulikuwa unavuja: ndani tumekuta maji kama vikombe vitatu na mchanga wa Ushongo. Mpira wa mfuniko ulikatwa mfupi, kosa langu, na unabadilishwa. Skrubu za sehemu ya kukanyagia miguu zimeshika kutu kwa siku tatu tu za chumvi. Zote zinatoka, zinaingia za stenlesi, na kila tundu linapakwa epoksi kwanza. Tumepigilia vipete vinane vya kamba pembeni. Upo mpya umefungwa, kisu kimefungwa, chupa ya maji imefungwa. Kafi la binti limepata ufa mdogo karibu na shingo, Shemeji analivalisha faiba.

Mshipi ulilowekwa kwenye maji baridi usiku mzima, ukaanikwa kwenye kamba ya nguo, na Baba ameuzungusha mwenyewe.

Kalenda nimeshaitazama. Tarehe 22 Machi ni Jumamosi, na mwezi utakuwa nusu. Nimempigia mzee wa Ushongo. Itakuwa Ramadhani, akasema, atatutoa alfajiri baada ya daku bila shida. Ameomba tumletee futari kutoka kwetu: magimbi, na ndizi mshare mkungu mmoja.